Kuonja Kabla ya Kupakua

Jumanne, saa sita mchana, mvua ya Leeds
ile isiyonyesha wala kuacha,
nilikata tiketi moja ya mtu mzima
kumtazama fisimaji arukaye kwa joho.
Kijana wa kaunta alichungulia nyuma yangu
akitafuta mtoto.
"Yuko shule," nikasema. "Nimekuja kuonja."

Maana mpishi huonja mchuzi kabla ya kupakua,
na Shemsa ana miaka saba,
na bango la kituo cha basi limemwahidi makubwa
tangu Februari.

Nikakaa nyuma kabisa na daftari la mahesabu ya duka,
nikachora safu nne:
ngumi, matusi, damu, busu.
Kama karani wa forodha nikapekua kila kijisanduku.
Ngumi: kumi na tisa, zote za sponji.
Tusi: moja, la kasa mzee, naye akaomba radhi.
Damu: hakuna. Hata bata bukini aliyegongwa na treni
alimwaga manyoya tu, akainuka, akalalamikia nauli.
Busu: la shavuni, la bibi.
Nilicheka peke yangu. Mama mmoja mwenye kichanga
akageuka kunipima.

Kwetu fisi alikuwa mlafi, siku zote mlafi,
alifuata njia mbili akapasuka msamba,
na hakuna aliyeniuliza nina miaka mingapi
kabla ya kunisimulia alivyopasuka.
Hapa wamemtia maji, wamemvika joho,
anazuia mafuriko kwa mkia.
Sawa. Mimi mwenyewe naishi Harehills,
mtaa uliopewa jina la sungura,
na miaka yote hii sijaona sikio lake.

Dakika ya hamsini na mbili nikaacha kuhesabu.
Baba fisimaji yuko mlangoni, mkoba begani.
Mwanawe kamshika mkia.
Hakuna muziki, hakuna ngumi.
"Nitarudi hujamaliza samaki wako," akasema,
naye anajua,
na sisi tuliolipa kiingilio tunajua.

Daftari halikuwa na safu ya hilo.
Bango limeandika: vitisho vidogo.
Vidogo kwa nani?
Mimi nilimwambia Shemsa, Tanga, uani kwa shangazi yake Mwanakombo:
"Baba anakwenda dukani, anarudi na biskuti."
Alikuwa na miaka miwili na nusu.
Biskuti alizipokea uwanja wa ndege wa Manchester
miaka minne baadaye,
akazishika mpaka nyumbani, hakuzifungua.

Nikarudi na basi nikibishana na wahenga.
Mtoto akililia wembe mpe, walisema,
hawakubandika umri kwenye mpini.
Na kama wembe anao tayari,
na aliyeusahau mkononi mwake ni mimi?

Jumamosi tukaenda.
Kilichomtisha ni kimoja: mashine ya kukaushia mikono chooni,
ilivyonguruma, akatoka mbio na povu viganjani.
Kwenye ngumi alitafuna bisi.
Kasa alipotukana, alininong'oneza
kwamba nami husema hivyo hivyo nikitafuta funguo.

Dakika ya hamsini na mbili
niliangalia viatu vyangu.
Nilipoinua macho, Shemsa hakuwa akitazama picha.
Alikuwa akinitazama mimi,
mwanga wa ule mto ukimchezea usoni,
kimya, bila haraka,
kama karani wa forodha
anayejua kilichomo sandukuni
na ameamua kutolifungua.

Kisha akanisogezea bisi.
Zilikuwa zimebaki zile ngumu, za chini,
zilizokataa kupasuka.
Nikachota.